Bei ya Kinamasi: Toronto Yachimbua Ilichokifukia

Juni 2017 serikali tatu, ile ya Kanada, ya jimbo la Ontario na ya jiji la Toronto, zilikubaliana kuchanga takribani dola bilioni 1.2 za Kanada kwa kazi moja: kuupa mto Don mdomo mpya wenye matope, matete na maji yaliyotulia. Kinachochekesha, au kinachosikitisha, ni kwamba kizazi baada ya kizazi jiji hilohilo lilikuwa limemwaga fedha kuviondoa vitu hivyohivyo mahali hapohapo. Na kadiri kazi ilivyosonga gharama nazo zikapanda, kama ilivyo ada ya miradi ya ukubwa huu.

Matunda yake yanaonekana leo katika eneo la Port Lands, mwendo mfupi kutoka minara ya mabenki ya katikati ya jiji. Bustani ya Biidaasige, jina ambalo kwa lugha ya Waanishinaabe lina maana ya mwanga wa jua unaotujia, ilifunguliwa Julai 2025. Watoto wanacheza, wazazi wanasukuma vigari, vijana wanapiga makasia katika mto uliochimbwa kwa makatapila, na kila simu inaelekezwa kwenye maghorofa ng'ambo ya maji. Wachache huinamisha macho kutazama mimea iliyosimama ndani ya maji kandokando ya mto. Mimea hiyo haikuwekwa iwe pambo. Mradi mzima unaitegemea ifanye kazi ambayo zege ilishindwa kuifanya.

Ramani za zamani zinaonyesha ghuba ya Ashbridge's Bay ikiwa imejificha nyuma ya ulimi mrefu wa mchanga uliojengwa na mawimbi ya Ziwa Ontario. Ndani ya kinga hiyo mto Don ulipunguza mwendo, ukatua tope lake na kutandaza kinamasi cha takribani hekta 500, miongoni mwa vikubwa kabisa katika Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini. Wamississauga walivua na kuwinda humo kabla jiji halijazaliwa. Walowezi walipoanza kujenga, kinamasi kikageuka jaa. Kiwanda cha pombe kali cha Gooderham and Worts kilifuga ng'ombe kwa maelfu waliolishwa machicha ya nafaka, na kinyesi chao kikaelekezwa kwenye ghuba. Maji taka ya mitaani yakafuata. Mwaka 1892 hofu ya kipindupindu ilipotanda, kinamasi kikashtakiwa kuwa chimbuko la maradhi. Wakubwa wa jiji wangeweza kuacha kutupa uchafu. Wakaona nafuu kufukia walipoutupa.

Kazi ya kuunyoosha mto ilianza mwaka 1886. Mwaka 1911 ikaundwa Tume ya Bandari ya Toronto, na mwaka uliofuata tume hiyo ikatoa mpango wa kugeuza kinamasi kuwa ardhi ya viwanda. Mitambo ikanyonya mchanga kutoka sakafu ya ziwa na kuumwaga juu ya matete. Yakaja makaa ya mawe, yakaja matangi ya mafuta. Mto wenyewe, ambao tangu enzi na enzi ulikuwa ukijimwaga kwa njia nyingi ndogondogo, ukaelekezwa kwenye Mfereji wa Keating wenye kuta za zege, na kulazimishwa kupiga kona ya mraba kabla ya kulifikia ziwa.

Mto haukuizoea kona hiyo. Maji ya masika yalipokuja kwa kasi yakibeba magogo na mabamba ya barafu, yalifika pale yakaziba, kisha yakatafuta njia yao ya zamani, ambayo ilikuwa imegeuka barabara na maghala. Oktoba 1954 tufani Hazel ilipoipiga Ontario iliua watu 81, wengi wao kando ya mto Humber upande wa magharibi wa jiji. Baada ya msiba huo iliundwa, mwaka 1957, mamlaka ya hifadhi ya mabonde ya mito ya Toronto, na ujenzi wa nyumba mabondeni ukapigwa marufuku. Mdomo wa Don, hata hivyo, ulikwishajengwa zamani. Zikabaki takribani hekta 240 za ardhi ghali, jirani kabisa na katikati ya jiji, ambazo hakuna aliyeweza kujenga juu yake kwa kuwa zilikuwa kwenye njia ya mafuriko. Tusijidanganye basi kwamba mabilioni ya mwaka 2017 yalitokana na mapenzi kwa matete. Yalitokana na bei ya viwanja.

Msomaji wa Dar es Salaam hahitaji kuelezwa sana habari ya mto unaodai njia yake. Bonde la Msimbazi pale Jangwani limefunga barabara ya Morogoro mara nyingi kiasi kwamba mvua ikishika watu huuliza kwanza kama daraja linapitika. Huko nako, kwa mkopo wa dola milioni 200 za Marekani ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2022, umeanzishwa mradi wa kulipa bonde nafasi yake. Miji miwili isiyofanana kwa chochote imefikia hesabu moja: mto ukinyimwa mahali pa kutandaza maji, utajichukulia wenyewe.

Toronto ilichukua muda mrefu kuikubali hesabu hiyo. Novemba 1969 wanafunzi na wanaharakati wa kikundi cha Pollution Probe, chenye chimbuko lake Chuo Kikuu cha Toronto, waliufanyia mto Don mazishi, wakiwa na gari la maiti na waombolezaji waliovaa rasmi. Mto ulikuwa unanuka, na samaki wa kuhesabika. Miongo miwili baadaye kikaja kikosi kazi cha wananchi kilichojiita Rudisheni Don, na mwaka 1996 juu kidogo ya mto kikachimbwa kinamasi kidogo cha Chester Springs, kama kuonyesha kwamba jambo linawezekana. Mwaka 2007 kampuni ya Michael Van Valkenburgh ya Marekani ilishinda shindano la kubuni mdomo mpya kwa wazo ambalo washindani wake hawakulipa uzito uleule: anza na mto, jiji lifuate.

Lakini mmea wa majini unafanya kazi gani hasa?

Kwanza unapaswa kuishi mahali ambapo mimea mingi hufa. Tope la kinamasi halina oksijeni, na mzizi usiopata hewa huoza. Matete, mafunjo na jamaa zao wametatua tatizo hili kwa kujijengea mabomba: ndani ya shina kuna vyumba vya hewa vinavyoteremsha oksijeni kutoka majanini hadi mizizini. Kiasi kidogo huvuja nje ya mzizi, na hapo, katika ukanda mwembamba kuzunguka kila mzizi, huishi bakteria wa aina mbili jirani kwa jirani, wanaohitaji hewa na wasioitaka. Wa kwanza hugeuza amonia ya maji machafu kuwa naitreti, wa pili hugeuza naitreti kuwa gesi ya naitrojeni inayorudi angani. Hiyo ndiyo siri ya kinamasi kusafisha maji. Kampala imeitegemea kwa miongo mingi, maana maji taka ya jiji hupita katika kinamasi cha Nakivubo kabla ya kuingia Ziwa Victoria, na kila kipande cha mafunjo kinachokatwa kupisha ujenzi huongeza kazi ya mitambo inayosafisha maji ya kunywa.

Pili, shina hupunguza mwendo wa maji. Don hubeba tope jingi kutoka vitongoji vilivyojaa lami, na Mfereji wa Keating umekuwa ukichimbuliwa tope kila mwaka ili usizibe. Maji yanapopita katikati ya maelfu ya mashina hupoteza nguvu, tope hutua, na fosforasi iliyojishika kwenye chembe za tope hutua nalo. Maji yakitakata mwanga hufika chini, na hapo zamu inakuwa ya mimea inayoishi chini kabisa.

Hii ya chini haisifiwi na mtu. Mjini Toronto hujumuishwa tu na waendesha boti chini ya neno moja, magugu. Humo kuna valisneria, yenye majani membamba marefu na ndoa ya ajabu: ua dume hukatika chini ya maji, likaelea juu peke yake likisukumwa na upepo hadi ligongane na ua jike lililoinuliwa na kikonyo kirefu. Likishapata chavua, kikonyo hujisokota na kulivuta ua chini likazae kwenye tope. Humo pia kuna seratofilamu, mmea usio na mizizi kabisa, unaonyonya chakula kutoka kwenye maji kwa majani yake. Huu mvuvi wa ghuba ya Winam anaujua hata kama hajui jina lake la kitaalamu, kwa sababu spishi ileile huota Ziwa Victoria. Samaki paiki wa kaskazini, mwindaji mwenye mdomo mrefu na meno ya kutisha, hutaga mayai mapema baada ya barafu kuyeyuka, kwenye majani na nyasi zilizofunikwa na maji. Pasipo mimea, paiki hana pa kutagia, na pasipo paiki samaki wadogo huzidi mno.

Sasa tuje kwenye jambo lililowashangaza hata wataalamu wenyewe.

Ili kuchimba bonde jipya la mto, makandarasi waliondoa zaidi ya mita za ujazo milioni moja za udongo, mwingi ukiwa umelowa mafuta ya matangi ya zamani. Mwaka 2021, katika sehemu ambako kifusi cha karne moja kilikuwa kimekwishaondolewa na udongo wa kinamasi cha asili kufunuliwa, wafanyakazi waliona machipukizi ya kijani. Hakuna aliyekuwa amepanda kitu. Yalipochunguzwa yakaonekana ni ya mimea ya aina mbili. Mmoja ni tifa, ule wenye vichwa vya kahawia vinavyofanana na mshikaki. Mwingine ni mmea mrefu wa jamii ya ndago, wenye shina la mviringo lisilo na majani ya kuonekana, binamu kwa ukoo wa mafunjo ya Afrika Mashariki. Mbegu zake zilikuwa zimelala chini ya mchanga, makaa na mafuta tangu wakati wa kufukiwa. Ziliponusa mwanga na maji, zikaamka.

Mwanabiolojia Shelby Riskin wa Chuo Kikuu cha Toronto na wenzake walichukua sampuli za udongo huo kwenda kuuchunguza maabarani, na huko wakakuta kwamba mbegu hazikuwa peke yake. Viumbe wadogo wa majini, wakiwemo viroboto maji, nao walijitokeza wakiwa hai kutoka katika tope lile la kale.

Mbegu kudumu muda mrefu si muujiza, ingawa inaonekana hivyo. Mwaka 1879 huko Michigan, ng'ambo ya mpaka, mtaalamu William Beal alijaza mbegu za magugu na mchanga katika chupa 20 na kuzizika chuoni kwake, akitaka kujua zitaishi miaka mingapi. Warithi wake bado wanachimbua chupa moja baada ya nyingine. Ile ya mwaka 2021 ilitoa mbegu zilizoota baada ya miaka 142. Huko China mbegu ya lotasi iliyotolewa katika tope la ziwa lililokauka iliota ikiwa na umri wa takribani miaka 1,300. Kinachohitajika ni baridi, giza na ukosefu wa hewa, na kinamasi kilichofukiwa kina vyote vitatu. Wale waliomwaga mchanga juu ya matete baada ya mwaka 1912 walidhani wanaua. Kumbe walikuwa wanahifadhi, tena bila malipo.

Habari hii ilienea haraka kwenye magazeti, na ni rahisi kuona kwa nini: inafariji. Hata hivyo machipukizi machache hayafanyi kinamasi. Mradi umelazimika kupanda kwa mkono miti 5,000, vichaka 77,000 na mimea midogo zaidi ya milioni mbili, na kuweka magogo na mawe mtoni ili samaki wapate maficho. Mbegu zile zilionyesha kilichokuwapo. Za kupanda zilitoka vitaluni.

Na kupanda, wanasema wenye uzoefu, ndiyo sehemu rahisi. Chipukizi laini la kinamasi lina maadui wawili wakubwa mjini Toronto. Mmoja ana mabawa: bata bukini wa Kanada, ambaye jiji lilimlea kwa nyasi za bustani hadi akasahau kuhama, hung'oa mche mpya kabla haujashika mzizi. Dawa yake ni uzio wa kamba na nyavu, na ndiyo maana mgeni wa bustani mpya huenda akaona sehemu za kingo zimezungushiwa vizuizi vinavyoharibu picha. Adui wa pili ana magamba. Ni kapi, samaki wa Ulaya na Asia aliyeletwa Amerika Kaskazini katika karne ya 19 kama kitoweo. Kapi hula kwa kuchimbua: anaingiza mdomo kwenye tope, ananyonya, anachambua, anatema. Anang'oa mmea na papo hapo anavuruga maji hadi mwanga usifike kwa mmea mwingine. Kenya inamjua. Katika miaka ya 2000 alikuja kulitawala Ziwa Naivasha, ziwa ambalo tayari lilikuwa limepoteza yungiyungi zake kwa kamba wa maji baridi kutoka Louisiana waliopandikizwa mwaka 1970.

Vita vya kapi vina historia yake kilomita zipatazo 70 kutoka Toronto, katika mji wa Hamilton, ambako kuna kinamasi kiitwacho Cootes Paradise. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 kilikuwa kimepoteza asilimia 85 ya mimea yake. Bustani ya Kifalme ya Mimea, inayokimiliki, ilijenga kizuizi katika mlango wa kinamasi kuelekea bandarini, chenye nondo zilizoachana sentimita tano. Samaki wadogo hupita. Wakubwa hunaswa katika vizimba, na tangu katikati ya miaka ya 1990 watumishi wamekuwa wakiinua vizimba hivyo na kuchambua samaki mmoja mmoja kwa mkono: paiki ndani, kapi nje. Idadi ya kapi ikashuka kwa zaidi ya tisa katika kila kumi, na matete yakaanza kurudi. Kisha ikagundulika kwamba lango la tangi la maji taka la mji lilikuwa limeachwa wazi na kumwaga uchafu kwenye kijito kinachoingia humo kuanzia mwaka 2014 hadi 2018, lita bilioni 24 kwa jumla. Miaka ishirini ya kuchambua samaki kwa mkono, na huku juu mtoni lango limeachwa wazi.

Mfano wa Hamilton umewafundisha watu wa Toronto kuweka vizuizi vya kapi tangu mwanzo. Vimo hata katika hifadhi ya Tommy Thompson, rasi ya kilomita tano iliyojengwa ndani ya ziwa kwa kifusi cha majengo yaliyobomolewa. Hapo ndege na miti walijihamia wenyewe kabla ya wapangaji kuamua patumike vipi, na mabwawa yaliyokuwa ya kutupia tope la bandari yamefunikwa na kupandwa matete.

Kuna jambo jingine ambalo Toronto haiwezi kuliamua peke yake, nalo ni kina cha ziwa. Mimea ya kinamasi haipendi maji yasiyobadilika. Inahitaji mwaka wa maji mengi unaozamisha vichaka na kuiua tifa iliyozidi, kisha mwaka wa maji machache unaoanika tope ili mbegu zilizolala zipate jua. Tangu bwawa la umeme la mto St. Lawrence lianze kazi mwishoni mwa miaka ya 1950, kina cha Ziwa Ontario kimedhibitiwa kwa faida ya meli, umeme na wenye nyumba za ufukweni, na kupanda na kushuka kwake kukapunguzwa. Tifa, hasa ile chotara, ikatumia nafasi hiyo kutawala na kusukuma nje nyasi na ndago za aina nyingi. Januari 2017 ulianza kutumika utaratibu mpya wa kurudisha angalau sehemu ya mwendo wa asili. Bahati mbaya, mwaka huohuo mvua kubwa zilipandisha ziwa kuvunja rekodi, Visiwa vya Toronto vikafungiwa wageni kwa sehemu kubwa ya kiangazi, na mwaka 2019 mafuriko yakarudi. Wenye nyumba waliulaumu utaratibu mpya. Tume ya Pamoja ya Kanada na Marekani ilisema hakuna utaratibu wowote ambao ungeyazuia maji yale. Matete hayakuulizwa.

Wageni waharibifu nao hawakosi. Gugu maji lililotesa Kisumu, Mwanza na Entebbe halitishi sana Toronto, kwa kuwa barafu ya Januari huliua. Toronto imejaliwa kinga ambayo Ziwa Victoria halina. Lakini mwaka 1932 shamba la majaribio la serikali mjini Ottawa lilileta kutoka Ulaya mmea mdogo wa kuelea wenye majani ya mviringo na ua jeupe la petali tatu, na kufikia 1939 ulikuwa umetorokea kwenye Mfereji wa Rideau. Mmea huu una hila dhidi ya baridi. Kabla ya majira ya barafu hutengeneza vichipukizi vizito vinavyozama hadi chini, vikalala, kisha vikaelea tena maji yakipata joto. Umeenea leo katika vinamasi vya Ziwa Ontario, ukifunika maji na kuinyima mwanga mimea ya chini.

Adui mkubwa kuliko wote, kwa hukumu ya Wizara ya Kilimo ya Kanada mwaka 2005, ni tete. Ndiyo, tete la kawaida, lakini la kabila la Ulaya. Amerika Kaskazini ina tete lake la asili, jembamba na lenye adabu, linaloacha nafasi kwa wengine. La Ulaya hufikia mita tano, hujipanga shina kwa shina hadi kobe wa majini ashindwe kupenya, na mabua yake makavu hubaki yamesimama miaka kadhaa. Mtu aliyelelewa kando ya Ruvu au Nyando, ambako matete ni ukuta wa nyumba na mtego wa samaki, ataona ajabu watu wanalipwa kuyakata chini ya maji ili mizizi ikose hewa. Njia hiyo ya kuyazamisha inafanya kazi, kwa sababu inaziba yale mabomba ya oksijeni. Inachosha tu.

Kwa hiyo wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Toronto na wenzao wa serikali kuu wamegeukia njia ambayo Afrika Mashariki iliitumia mapema. Mwaka 2019 Kanada iliidhinisha kuachiwa kwa nondo wa spishi mbili kutoka Ulaya, ambao viwavi wao hutoboa shina la tete hilo na kulila kutoka ndani, na tangu hapo wamekuwa wakiachiwa kusini mwa Ontario. Wasomaji wa rika fulani watakumbuka fukusi wa Amerika Kusini walioachiwa Ziwa Victoria, kuanzia Uganda mwaka 1995 kisha Kenya na Tanzania. Gugu maji lilipungua sana mwishoni mwa muongo ule, na mpaka leo wataalamu wanabishana sifa ziende kwa fukusi au kwa mvua za El Nino. Fukusi hawakulimaliza, likaja likarudi. Nondo wa Ontario nao hawatarajiwi kulimaliza tete, ila kulipunguza nguvu ili wengine wapate pumzi.

Yote hayo yako mdomoni mwa mto. Juu, hali ni nyingine. Bonde la Don limezungukwa na barabara kuu, maduka makubwa na vitongoji vya wahamiaji. Si mbali na ukingo wake kuna Jumba la Makumbusho la Aga Khan na Kituo cha Waismailia, vilivyofunguliwa mwaka 2014, na miongoni mwa waumini wamo wengi ambao wazazi wao walitoka Kampala, Nairobi, Dar es Salaam na Unguja. Madimbwi ya mawe meusi ya bustani ya hapo ni mazuri mno na hayana hata jani moja. Chini ya kilima, Julai 16, 2024, karibu milimita 100 za mvua ziliangukia jiji, na barabara kuu ya Don Valley ikageuka mto, madereva wakitolewa juu ya magari yao. Mdomo mpya haukujengwa kuizuia hali hiyo. Unaiokoa Port Lands, hauiokoi barabara iliyolazwa kwenye sakafu ya bonde kilomita kadhaa juu yake.

Halafu kuna chumvi. Kila majira ya baridi Toronto humwaga barabarani zaidi ya tani 100,000 za chumvi ili magari yasiteleze. Theluji ikiyeyuka, chumvi yote huelekea vijitoni, na katika Don kiwango chake hupita mara kwa mara kile cha miligramu 120 za kloridi kwa lita ambacho Kanada imekiweka kama mpaka wa usalama wa viumbe wa majini kwa muda mrefu. Mimea haiathiriki sawa. Tifa chotara na tete la Ulaya huvumilia chumvi vizuri kuliko wenyeji wengi, kwa hiyo kila lori la chumvi linawapigia kura wao. Hakuna nondo wala uzio unaotibu jambo hilo.

Wala sheria haiendi upande mmoja na makatapila. Shirika la Ducks Unlimited lilikadiria mwaka 2010 kwamba kusini mwa Ontario kulikuwa kumepoteza asilimia 72 ya ardhi oevu iliyokuwapo kabla ya walowezi. Novemba 2022, wakati fedha za umma zikiendelea kumiminwa kwenye kinamasi cha Port Lands, bunge la jimbo lilipitisha sheria ya kuharakisha ujenzi wa nyumba iliyozinyima mamlaka za mabonde sehemu ya sauti yao katika vibali vya ujenzi. Kuanzia Januari 2023 utaratibu wa kupima thamani ya ardhi oevu nao ukalegezwa: vinamasi vidogo vilivyokuwa vikihesabiwa pamoja kama familia moja sasa vinaweza kupimwa kimoja kimoja, na kimoja kikiwa peke yake hupata alama chache. Serikali ya jimbo husema nyumba zinahitajika, na kweli zinahitajika. Lakini mahesabu ya Port Lands yako wazi kwa anayetaka kuyasoma, na yanaonyesha hekta moja ya kinamasi inagharimu kiasi gani kuirudisha.

Kisiwa kilichozaliwa kati ya mdomo mpya na Mfereji wa Keating, Ookwemin Minising, kinasubiri maelfu ya nyumba zake. Mitaa itachorwa, lami itamwagwa, na kila barabara kisiwani itateremkia maji pande zote. Waliopanda matete wanataka kujua sasa, kabla ya lami, maji ya mitaa hiyo yatachujwa wapi na itatumika chumvi kiasi gani.